Vifuu, magunzi na maboksi: Mchezo huru unavyomjenga mtoto wa chekechea

Mzazi akimfuata mtoto chekechea mchana, kitu cha kwanza anachofungua ni daftari. Akikuta ukurasa mweupe, swali ni moja: "Kwa hiyo leo hamjasoma?" Siku kadhaa za namna hiyo zikitosha, mtoto anahamishiwa shule ya pili, ambako watoto wa miaka minne wanajaza kurasa za a, e, i, o, u. Walimu wa awali wanalijua hilo. Ndiyo maana hata wale wanaoamini katika mchezo huishia kushika chaki.

Mchezo huru ni ule ambao mtoto anauanzisha na kuuongoza mwenyewe, na hauna jibu moja. Mwalimu anaweka vitu, watoto wanaamua viwe nini. Nyimbo za kuhesabu na kadi za herufi ni jambo jingine. Zina kazi yake, lakini mwenye mchezo pale ni mwalimu. Na kuwaacha watoto uwanjani huku mwalimu anachati si mchezo huru, ni uzembe.

Wazo hili halijatoka mbali. Watoto wa Afrika Mashariki wamejipikilisha kwa vifuu na mchanga, wamecheza mdako kwa kokoto na kutengeneza magari ya waya miaka nenda rudi. Kilichobadilika ni kwamba saa zile za kucheza, mtoto sasa yuko darasani. Kenya ina miaka miwili ya awali, PP1 na PP2. Tanzania, sera ya elimu ya 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Nje nako wapo waliolifikiria. Mwaka 1943, eneo la Emdrup jijini Copenhagen, Denmark, kilifunguliwa kiwanja ambacho watoto walipewa mbao na mabaki ya ujenzi wajenge wanachotaka. Mwaka 1971 Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba ubunifu hukua kadiri mtu anavyokuwa na vitu vingi vya kusogeza, kuchanganya na kubadili. Karibu zaidi na nyumbani, chekechea za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kisha zikafika Zanzibar na Uganda, zilijengwa juu ya vifaa vinavyopatikana mtaani.

Kifuu kimoja, kazi kumi

Gari la plastiki linaloimba ukibonyeza kitufe linaweza kufanya jambo moja. Mtoto akishalibonyeza mara ishirini, limekwisha. (Ndiyo maana wengi huacha zawadi na kuchezea boksi lake.) Kifuu cha nazi kinaweza kuwa sufuria, kofia, boti, kipaza sauti au kwato za punda. Kabla hakijawa boti, lazima mtoto aibebe boti hiyo kichwani, halafu amshawishi mwenzake akubali kwamba ni boti. Hapo ametumia lugha, kumbukumbu na uvumilivu wa kusubiri zamu yake ya unahodha.

Hesabu nayo ipo. Anayepanga maboksi anagundua kwamba kubwa hukaa chini. Anayemimina mchanga kutoka kopo refu kwenda kopo pana anaona kwamba urefu unadanganya. Na kuandika? Vidole vinavyofinyanga udongo, kuzungusha vifuniko vya chupa na kutunga shanga za karatasi ndivyo vitakavyoshika penseli bila kuchoka.

Mwalimu afanye nini?

Kazi ngumu kuliko zote: kunyamaza. Mtoto akiweka magunzi kwa mstari, mwalimu anataka kusema "haya, tuyahesabu." Pengine ilikuwa treni, na treni imekufa hapo hapo. Ni afadhali akae chini usawa wao, atazame, na akitaka kuongea aseme "nieleze hii" badala ya "hii ni nini?" Swali la pili linasikika kama mtihani.

Aingilie pale mtu anapoumizwa, mmoja anapotengwa, au mchezo unapokwama kabisa. Mara nyingi kuongeza kitu kimoja, kama kanga kuukuu au kamba fupi, kunatosha kuufufua.

Muda pia. Dakika kumi hazitoshi, maana hizo huishia kwenye kugombania nani awe mama. Mchezo wenyewe huanza baadaye, kwa hiyo saa nzima si nyingi.

Tanzania, kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini madarasa mengi yamefurika kupita hapo. Kwa darasa la namna hiyo, hali inayowezekana ni kutoka nje chini ya mti, kugawa watoto vikundi, na kila kikundi kupewa rundo lake. Rundo moja la wote ni vita.

Vitu vya kuangalia

Maharage, mahindi na kokoto ndogo huishia puani na masikioni, na punje ya haragwe ikilowa huvimba. Kitu kinachopita kwenye kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa anayeweka vitu mdomoni. Vizibo vya soda vyenye makali vitolewe. Madumu ya dawa za mashamba yasiguswe hata yakioshwa. Ndoo ya maji isiachwe bila mtu mzima, kwani mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya kina kidogo sana.

Mzazi na ukurasa mweupe

Baadhi ya walimu hupiga picha ya kilichojengwa na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na sentensi moja: "Leo wamejenga daraja, likaanguka mara tatu, wakagundua nguzo zinatakiwa ziwe sawa." Picha ionyeshe kazi, si sura za watoto, hasa kama wazazi hawajaridhia. Kwenye mkutano wa wazazi, wapeni wao wenyewe vifuu na maboksi kwa robo saa. Huwa wanagoma dakika mbili za kwanza.

Muda ukiisha, watoto wanarudisha vitu: vilitoka vifuu ishirini, virudi ishirini. Vikiwa kumi na tisa, wanahesabu tena bila kuambiwa. Maboksi hulowa, magunzi huliwa na panya, hivyo lazima awepo mtu wa kuleta mengine kila baada ya wiki chache.