Neno "Kibarua" na Migomo ya Bandari ya Mombasa

Majina machache ya Kiswahili yana upatanisho wa kutatanisha kama jina *kibarua*. Likiwa na maana ya cheti, hufuata ngeli yake ya KI-: kibarua kimeandikwa, vibarua vimegawanywa. Likiwa na maana ya mtu, hufuata upatanisho wa viumbe: kibarua amechoka, vibarua wamegoma. Likiwa na maana ya kazi yenyewe, hurudi tena katika KI-: kibarua chake kimekwisha. Mwanafunzi wa sarufi huambiwa azikariri njia hizo tatu, na mambo huishia hapo. Lakini yeyote aisomaye historia ya kazi katika bandari ya Mombasa ataona kwamba njia hizo ni alama za ugomvi wa muda mrefu kati ya wachukuzi na makampuni makubwa. Katika makala haya nakusudia kuufuata ugomvi huo.

Asili ya neno haina fumbo. Kibarua ni barua ndogo, na *barua* lina asili ya Kiarabu. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka wa 1939 yaeleza kuwa mtu wa kazi ya kutwa aliitwa hivyo kwa sababu ya cheti alichopewa kila siku, ambacho hukirudisha wakati wa kulipwa. Basi mtu aliitwa kwa jina la karatasi yake. Katika karne ya kumi na tisa, huko Unguja na Mombasa, wengi wa wachukuzi hao walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku, na sehemu ya ujira wao ilikuwa ya bwana. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka wa 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Kazi ya kutwa haikufutwa. Na jina lake likabaki.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa kila kibarua aliichukia hali yake. Bandarini Kilindini, mtu aliyetoka Likoni au katika vijiji vya Wadigo na Wagiriama aliweza kufanya kazi siku chache, akapata fedha ya kodi na ya nguo, kisha akarudi shambani kwake. Hakuna msimamizi aliyeweza kumwuliza jana alikuwa wapi. Linganisha na wenzake wa bara. Wao, baada ya vita vya kwanza vya dunia, walilazimishwa kuchukua *kipande*, cheti kilichofungiwa katika kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni, kilichoandikwa jina la mwajiri na tarehe za kuingia na kutoka kazini. Kipande kilimfunga mtu kwa mwajiri. Kibarua kilimfungua jua lilipokuchwa. Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Meli zilipokuwa chache hapakuwa na cheti, na pasipokuwa na cheti hapakuwa na chakula. Kampuni haikuwa na haja ya kumwachisha mtu kazi. Ilitosha kutomwita kesho yake.

Mwaka wa 1939 mji wa Mombasa ulipata mgomo ulioanzia kwa wafanyakazi wa serikali, kwa ajili ya posho ya nyumba, ukaenea hata bandarini. Bei za vitu zilipopanda wakati wa vita vya pili, manung'uniko yalizidi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini: makuli wa bandari, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani. Kila siku walikutana mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mgomo ulidumu hata tarehe 24, wafanyakazi waliporudi kazini baada ya kusihiwa na Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, na kuahidiwa kwamba madai yao yangesikilizwa na baraza la hukumu. Jaji Thacker alipewa kazi hiyo, na mishahara ikaongezwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kukaa Baringo, mbali na bahari.

Mgomo haukukaa Mombasa peke yake. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kuingia bara. Mwaka wa 1948 ikawa zamu ya Unguja. Yafaa tuangalie namna watu walivyosema: vibarua *wa*megoma. Karatasi haiwezi kugoma. Kitenzi *goma* chataka mtenda mwenye nia, na kila kilipotajwa pamoja na kibarua, upatanisho wa KI- haukuwa na nafasi.

Serikali na makampuni yalijifunza jambo moja katika migomo hiyo, nalo ni kwamba mtu asiye na kazi ya kudumu hana cha kupoteza akigoma. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 na 1950 waliazimia kuipunguza kazi ya kutwa. Vibarua wa bandari waliandikwa katika daftari, na asiyehudhuria siku za kutosha alifutwa. Polepole wengi wakawa watu wa mwezi. Ulikuwa ushindi, kwani mtu wa mwezi alikuwa na mshahara wa kutumainiwa, na chama cha makuli kilichozaliwa katika miaka hiyo kiliweza kumsemea kwa jina lake. Mwezi wa Machi 1955 makuli walipogoma tena, Tom Mboya, ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, alikwenda Mombasa, na shauri likaisha kwa mapatano. Lakini ushindi huo ulikuwa na waliolipa. Yule mwenye shamba lake Likoni, aliyezoea kuja anapotaka, jina lake lilikatwa. Kazi ilipopewa heshima, iligawiwa watu wachache zaidi.

Sehemu ya pili ya habari hii ni ya zama za makontena. Zamani meli ya kahawa au mahindi ilitaka magenge ya watu kubeba gunia baada ya gunia. Kontena lilitaka kreni moja na mwenye kuiendesha. Mamlaka ya Bandari ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka wa 1978, ilirithi wafanyakazi wa zama za gunia katika bandari ya zama za chuma. Ndipo lilipozoeleka neno jingine linalostahili kuangaliwa: *kupunguzwa*. Kitu kinachopunguzwa ni bei, uzito au maji mtungini. Sasa watu walipunguzwa, na katika kauli hiyo ya kutendwa ni mara chache kumsikia aliyepunguza akitajwa. Tangu mwaka wa 2018 tena, makontena mengi yalipakiwa katika reli mpya na kupelekwa Nairobi ili yatolewe ushuru huko. Kazi za mawakala, madereva na wenye maghala zikahama pamoja nayo. Watu wa Mombasa waliandamana mwaka wa 2019, na mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya ikaamuru shughuli hizo zirudi pwani. Maandamano hayo yalikuwa na madai yale yale ya Kiwanja cha Maskini, kwamba wanaoishi kwa kazi waulizwe kabla kazi haijaondolewa.

Leo magazeti yetu husema kuwa kibarua cha fulani *kimeota nyasi*, yaani amefukuzwa. Husemwa hivyo hata kwa mkurugenzi wa benki au mwalimu wa timu ya mpira, watu ambao hawakupata kupewa cheti cha kutwa maishani mwao. Wengine huliona neno hilo kuwa la mzaha tu. Mimi naona ni ushahidi. Wasemaji wa Kiswahili hawakuiamini sana ile ahadi ya kazi ya kudumu. Walilihifadhi jina la cheti cha siku moja, wakalitumia kwa kila ajira iwezayo kuondolewa asubuhi. Upatanisho wa KI- umerudi, na mtu ametoweka tena nyuma ya karatasi yake.

Kwa hiyo watungaji wa kamusi wasitosheke kuandika maana tatu zilizopangwa kwa namba. Waonyeshe pia ni ipi iliyotangulia na ni lini msemaji huchagua *a-* au *ki-*. Kwa wale waliosimama Kiwanja cha Maskini, tofauti ya viambishi hivyo viwili ndiyo iliyokuwa shauri lenyewe.