Jazi Isiyokuwa Jazi: Santuri, Redio na Msikilizaji wa Nyumbani katika Historia ya Wimbo wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika majina ya bendi za muziki wa dansi zilizovuma Tanganyika, na baadaye Tanzania, neno moja la kigeni hukutwa mara nyingi sana: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz, Nuta Jazz, Vijana Jazz. Hata hivyo, mpenzi wa muziki aliyezoea sahani za Louis Armstrong au Duke Ellington akizisikiliza bendi hizi, hatakuta mengi anayoyafahamu. Atasikia rumba na chacha, magitaa yanayosukana, saksafoni na tarumbeta zinazojibizana na waimbaji, na juu ya yote hayo mashairi ya Kiswahili yaliyotungwa kwa beti na kibwagizo.

Maelezo mepesi ni kwamba waanzilishi wa bendi hizo walilichukua neno bila kulielewa. Mhadhara huu unayakataa maelezo hayo. Hoja yake ni kwamba neno hilo lilipata katika Afrika Mashariki maana yake kamili, na kwamba maana hiyo haiwezi kufahamika kwa kuwatazama wanamuziki peke yao. Yupo mhusika wa pili, ambaye tahakiki za ushairi wa nyimbo humsahau mara kwa mara: msikilizaji wa nyumbani, pamoja na chombo chake cha kusikilizia. Chombo hicho, kiwe santuri, redio au kaseti, kilichangia kuamua urefu wa wimbo, umbo lake, na hata kama matini yake yangedumu au yangepotea.

2.0 Neno na safari yake

Sahani ya kwanza ya muziki uliouzwa kwa jina la jazz ilirekodiwa nchini Marekani mwaka 1917 na kundi la Original Dixieland Jass Band. Wakati huo watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa tayari na uzoefu mrefu wa kulichukua neno la kigeni la muziki na kulipa kazi mpya. Terence Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, ameonyesha jinsi ngoma ya beni ilivyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa bara hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Neno beni lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, lakini beni ya Kiswahili ilikuwa zaidi ya kundi la wapiga matarumbeta. Ilikuwa chama chenye vyeo, sare, michango, mashindano na nyimbo za kejeli. Ala na jina vilitoka ugenini. Ushindani wa mitaa ulikuwa wa wenyeji.

Dar es Salaam Jazz Band, inayotajwa kuanzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1944, zilizaliwa katika mazingira hayo hayo ya vyama na klabu za mjini. Katika Kongo, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na O.K. Jazz, iliyokuja kuongozwa na Franco, ikafuata mwaka 1956. Bendi hizo nazo zilipiga rumba. Sauti yenyewe ilikuwa imefika kwa njia nyingine: kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza barani Afrika mfululizo wa sahani zilizotambulishwa kwa herufi GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba. Kwa hiyo neno lilitoka Marekani ya Kaskazini, na mahadhi yakatoka katika visiwa vya Karibi.

Kutokana na historia hiyo, katika majina haya Jazz lilikuwa jina la aina ya kikundi kuliko jina la mahadhi. Lilitaja bendi ya kisasa yenye magitaa, ala za kupuliza na ngoma za Kizungu, inayopiga ili watu wacheze wawili wawili ukumbini. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika ukopaji wa msamiati. Hoteli kwa wasemaji wengi wa Kiswahili ni mahali pa kula, hata kama hapana kitanda cha kulala mgeni, na hakuna anayedai kwamba mwenye hoteli hiyo amekosea. Neno lililokopwa huingia katika lugha kwa sehemu ya maana yake, kisha sehemu hiyo hukua.

Tahajia nayo inatoa ushahidi. Beni, bendi, dansi, gitaa, redio na tarumbeta yote yalivishwa umbo la Kiswahili. Jazz, lililoandikwa juu ya ngoma kubwa na kwenye matangazo ya ukumbini, liliachwa na herufi zake za kigeni, kwa kuwa lilikuwa sehemu ya jina la heshima. Pembeni ya jina hilo kila bendi ilikuwa na jina la pili, yaani mtindo wake: Western Jazz ilikuwa na Saboso, Afro 70 ikawa na Afrosa, Super Volcano ikawa na Masika. Mtindo wa Nuta Jazz uliitwa Msondo, na wa Mlimani Park ukaitwa Sikinde, majina yaliyotoka moja kwa moja katika ngoma za asili za pwani. Nuta ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata kadiri chama kilivyobadilika, kisha OTTU. Majina ya kiofisi yalipita. Wasikilizaji wakabaki na Msondo, na hatimaye bendi yenyewe ikajiita Msondo Ngoma. Jina lililodumu ni lile lililokaa vinywani mwa wasikilizaji.

3.0 Santuri na kipimo cha wimbo

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya HMV. Umuhimu wa safari hiyo kwa lugha ya Kiswahili umeelezwa mara nyingi, na Shaaban Robert aliona maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kuandikiwa wasifu. Jambo ambalo halijatiliwa mkazo wa kutosha ni kwamba sahani hizo ziliubadili uhusiano wa wimbo na nyumba. Kabla yake, kumsikia mwimbaji kulihitaji kuwapo mbele yake. Baada yake, sauti iliweza kuingia katika nyumba ambayo mwimbaji mwenyewe hajapata kukanyaga.

Msamiati ulilipokea tukio hilo kwa utaratibu wake. Kinanda, neno lililokwisha kutaja ala mbalimbali za muziki, lilitumika pia kwa mashine hii mpya. Santuri, neno linalofanana na jina la ala ya nyuzi ya Uajemi, lilitumika kwa mashine na kwa sahani yake. Chombo kisichokuwa na mpigaji kilipewa jina la familia ya vyombo vyenye wapigaji. Umiliki wake ulikuwa wa mtu mmoja, lakini usikilizaji ulikuwa wa wengi: wa barazani, wa hotelini, na wa majirani upande wa pili wa ukuta.

Pamoja na hayo, santuri ilikuja na sharti. Upande mmoja wa sahani ya kawaida ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba takriban dakika tatu za sauti. Ukumbini wimbo uliweza kuendelezwa kadiri wachezaji walivyoendelea kucheza. Kwenye sahani ulikoma nafasi ilipokwisha. Mtunzi mwenye beti saba alilazimika kuchagua zipi ziimbwe. Zilipokuja sahani ndogo zilizozunguka mara 45, nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulibeba kisa na maneno, na wa pili ukabeba chemko, yaani sehemu ya kasi ambamo magitaa na ala za kupuliza hutawala. Ugawaji wa sehemu mbili ulikuwa na chimbuko lake katika dansi yenyewe, lakini sahani iliutilia mpaka ulio dhahiri, kwa sababu msikilizaji alipaswa kuinuka na kuigeuza.

Kwa mhakiki wa fasihi hili si jambo dogo. Mwanafunzi anayeuchambua wimbo wa Mbaraka Mwinshehe au Salum Abdallah kwa kuhesabu beti zake, akahitimisha kwamba mtunzi alipendelea ufupi, huenda anasifu hulka ya mtunzi kwa jambo lililoamuliwa na kiwanda.

4.0 Redio, kaseti na mipaka

Mwaka 1951 zilianza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Kituo cha Dar es Salaam kilikuwa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar iliipata mwaka 1973. Kwa karibu miongo mitatu, basi, redio ndiyo iliyokuwa burudani kuu ya jioni katika nyumba nyingi za Bara zilizomudu betri.

Dola ilitambua uzito wa burudani. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 bungeni, Mwalimu Julius Nyerere alisikitika kwamba watu wengi waliweza kucheza rumba, chacha, twisti na rock'n'roll, ilhali hawakuzijua ngoma kama gombe sugu na lele mama. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Pamoja na msimamo huo, vijana wa mjini waliendelea kuusikiliza muziki wa ng'ambo na kuugeuza. Kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilichanganya rock na midundo ya Kiafrika katika miaka ya 1970, na Afro 70 ya Patrick Balisidya ilitumia gitaa la umeme kwa namna inayoonyesha kwamba masikio yake yalikuwa wazi kwa dunia. Marufuku ililenga ukumbi, mahali panapoonekana. Kilichosikilizwa sebuleni kilikuwa kigumu zaidi kukaguliwa.

Tanzania haikuwa na kiwanda kikubwa cha kufyatua sahani, na bendi zake zilitegemea Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, hadi mwaka 1983, njia hiyo ikawa ngumu. Studio ya redio ya taifa ikazidi kuwa mahali ambapo bendi ziliweza kuziacha sauti zao. Rekodi hizo zilifanywa kwa ajili ya kutangazwa, na kwa ujumla hazikuingia sokoni. Msikilizaji aliyetaka kuumiliki wimbo aliweka kaseti yake tayari, akasubiri mtangazaji autaje, akabonyeza. Kwa namna hiyo nyumba ikawa maktaba. Kaseti hizo zimehifadhi pia sauti ya mtangazaji, salamu za wasikilizaji, na mara nyingine mwanzo wa wimbo uliokatika kwa sababu kidole kilichelewa.

5.0 Msikilizaji kama mtunza matini

Yanayofuata kutokana na historia hii ni matatu. Kwanza, wimbo mmoja wa dansi huweza kuwa na matini kadhaa: ya ukumbini, ya sahani, na ya kanda ya redio. Matini hizo hutofautiana kwa beti na mpangilio, na pengine kwa maneno. Mtafiti anayenukuu wimbo bila kutaja rekodi aliyoitumia ni sawa na mwanafilolojia anayenukuu utenzi bila kutaja mswada.

Pili, msikilizaji wa siku nyingi ana maarifa ambayo karatasi hazinayo. Yeye ndiye anayeweza kumtambua mwimbaji wa pili ambaye jina lake halikuandikwa kwenye lebo, au kueleza fumbo ambalo mtaa mzima ulilijua. Ushahidi wake unahitaji kupimwa, kwa kuwa kumbukumbu hupendelea kilichopendeza, na kwa kuwa wenye santuri na redio za mwanzo walikuwa wachache wenye kipato, wengi wao wanaume. Aliyesikiliza kutoka jikoni naye ana historia yake, na ameulizwa mara chache zaidi.

Tatu, muda ni mfupi. Sahani za kale hupasuka zikianguka, utepe wa kaseti hushikana kwa unyevu wa pwani, na wasikilizaji wa enzi ya Nuta na Morogoro Jazz ni wazee. Kila sanduku la kaseti linalotupwa baada ya msiba huenda likawa limebeba matini pekee iliyosalia ya utungo fulani wa Kiswahili.

6.0 Hitimisho

Nyimbo za zamani zimepewa katika Kiswahili jina lao maalumu: zilipendwa. Ni neno lenye umbo la kutendwa, na kama ilivyo kawaida ya umbo hilo, mtenda hakutajwa. Waliozipenda wameachwa nje ya neno, kama walivyoachwa nje ya sehemu kubwa ya historia ya muziki huo. Lakini wao ndio waliolipa neno Jazz maana ya Kiswahili kwa kuitikia mwito wa bendi zilizolibeba. Ndio waliogeuza sahani, wakanunua betri na kusubiri kando ya redio. Taaluma za Kiswahili zinapouchunguza wimbo wa dansi, swali la kwanza kwa matini yoyote linafaa kuwa lile ambalo kitenzi hicho kinalificha: zilipendwa na nani, katika nyumba gani, na kwa chombo kipi?