Kuacha kidato cha tatu na kwenda chuoni: Hesabu ambayo haikamiliki bila cheti

Kila mwaka shule zinapofunguliwa mwezi Januari, wazazi wa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, hukabiliwa na swali ambalo halijapata jibu moja: je, mtoto aliye katika kidato cha tatu aendelee na masomo, au aache shule na kujiunga na chuo cha ufundi kabla ya mtihani wa kitaifa?

Bonasi ya majani chai, ambayo wakulima wengi wa milima ya Gusii huitegemea, hulipwa karibu na mwezi Oktoba. Kufikia Januari fedha hizo huwa zimekwisha kugawanywa baina ya deni la duka, mbolea na Krismasi, na hapo ndipo barua ya karo inapofika nyumbani.

Wanaouliza swali hilo si watu wasiojali elimu. Mvulana anayepata alama ya D muhula baada ya muhula, na ambaye kila jioni huonekana kwenye gereji akifungua injini za pikipiki, huwafanya jamaa zake waone kwamba anapoteza wakati darasani. Msichana aliyejifungua akiwa kidato cha pili huambiwa na shangazi zake kwamba ushonaji utamfaa zaidi kuliko kurudi kukaa na watoto, ingawa sera ya kuwaruhusu wasichana kama yeye kurejea shuleni imekuwapo nchini Kenya tangu 1994. Mzazi akilinganisha kozi ya mwaka mmoja na miaka miwili ya bweni, hesabu huonekana kuwa imekamilika, lakini kuna jambo moja lililoachwa nje, nalo ni cheti.

Kwa muda mrefu ngazi ya elimu ya Kenya ilikuwa na vituo vya kupumzikia. Chini ya mfumo wa zamani wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya juu, mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kufanya mtihani wa KJSE, wa kidato cha nne akafanya KCE, na wa kidato cha sita akafanya KACE. Kila kituo kilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na chuo kilichoikubali. Walimu wengi waliowafundisha kusoma wazee wa leo walikuwa wa daraja la P3 au P2, yaani watu walioingia vyuo vya ualimu bila kumaliza kidato cha nne. Babu anayemwambia mjukuu wake kwamba yeye aliacha shule mapema akawa mwalimu hasemi uongo.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliviondoa vituo hivyo. Mtihani wa kwanza wa KCPE ulifanywa mwaka huo, ule wa KCSE ukaanza 1989, na vidato vya tano na sita vikafutwa. Baina ya mitihani hiyo miwili ikabaki miaka minne isiyo na cheti chochote cha kitaifa. Ndiyo maana mtu aliyesoma hadi kidato cha tatu akaacha, akipeleka maombi ya kazi au ya masomo, huhesabiwa sawa na yule aliyekomea darasa la nane. Miaka mitatu ya karo, ya sare na ya magodoro haionekani popote.

Mkanganyiko mwingine hutoka nchi jirani. Nchini Tanzania, wanafunzi wakishafanya mtihani wa kidato cha nne, TAMISEMI huwapangia baadhi yao kidato cha tano na wengine vyuo. Kijana wa Musoma au Tarime anayesemekana “aliacha shule akaenda chuo” kwa kawaida ana cheti cha kidato cha nne mkononi. Alichokiacha ni kidato cha tano na cha sita, ambavyo Kenya haina tena. Hali yake haiwezi kulinganishwa na ya mwanafunzi wa Nyaramba anayeondoka katikati ya njia.

Hata mfano unaopendwa mno katika mazungumzo ya eneo la Nyanza, wa babake rais wa 44 wa Marekani, Barack Obama, husimuliwa nusu. Ni kweli kwamba Mzee Obama aliondoka shule ya Maseno bila kumaliza na bado akaingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Kinachosahaulika ni kwamba katikati ya mambo hayo mawili alisoma kwa njia ya posta, akajipatia vyeti alivyovikosa, na ndipo mlango ukafunguka.

Vyuo vinataka nini

Vyuo vya ufundi havikai mbali na Nyaramba. Kuna Kisii National Polytechnic, iliyoanza 1971 kwa michango ya harambee ikiitwa Gusii Institute of Technology, na katika kaunti ya Nyamira yenyewe kuna chuo cha Ekerubo Gietai. Katika vyuo vya aina hii, stashahada kwa kawaida huhitaji alama ya C- katika KCSE, na cheti cha ufundi huhitaji D. Kozi za uanagenzi humpokea hata aliyepata E. Chuo kikuu ni C+.

Wengi hawalitilii maanani jambo hilo la mwisho kuhusu uanagenzi. Kama hata E inapokewa, basi mwanafunzi dhaifu kabisa anayevumilia hadi mwisho wa kidato cha nne hufika chuoni akiwa na haki zaidi kuliko mwenzake mwerevu aliyeondoka mwaka mmoja kabla. Shirika la KUCCPS, ambalo huwapa wanafunzi nafasi katika vyuo vikuu na vya ufundi vya umma, humtambua mwombaji kwa nambari yake ya mtihani wa KCSE. Asiye na nambari hiyo hubisha hodi chuoni mwenyewe, na mara nyingi hujilipia mwenyewe.

Tofauti ya fedha si ndogo. Mwaka 2018 karo ya vyuo vya ufundi vya umma iliwekwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka, serikali ikitoa Sh30,000 kwa kila mwanafunzi aliyestahiki, na kilichobaki kikiweza kuombewa mkopo wa HELB. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ulibadilisha mgao huo, lakini msaada wa serikali bado unamfuata zaidi aliyepitia KUCCPS. Kwa upande wa sekondari, serikali iliweka mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma kwa mwaka, na mwongozo wake wa karo uliruhusu shule nyingi za bweni zilizo nje ya miji mikubwa kuwadai wazazi Sh40,535. Shule ya kutwa humgharimu mzazi kidogo sana kuliko hiyo, chakula cha mchana kikiwa ndicho mzigo mkubwa. Kabla ya kuzungumzia chuo, familia iliyolemewa na bweni ingefaa kwanza kuzungumzia uhamisho wa kwenda shule ya kutwa, jambo ambalo kwa wengi huonekana kuwa aibu ilhali ndilo la nafuu zaidi.

Kazi zinazotazama nyuma

Zipo kazi ambazo hazimsahau mtu alipopitia. Anayetaka kufundisha sekondari baada ya kusomea shahada hutakiwa na tume ya TSC kuonyesha C+ katika KCSE, na C+ nyingine katika masomo mawili anayoyafundisha. Katika usajili wa makonstebo wa polisi wa mwaka 2025, kiwango cha chini kilikuwa D+. Uuguzi nao una alama zake. Mtu anaweza kupanda kutoka cheti hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi shahada, kisha akakwama kwenye dirisha la usajili kwa sababu ya mtihani ambao hakuufanya akiwa na miaka 17.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Useremala, uashi, uchomeleaji wa vyuma, ususi, umekanika na ufundi wa umeme ni kazi ambazo mteja haulizii alama. Vituo vya mafunzo vya kaunti, ambavyo chimbuko lake ni vyuo vya kijiji vilivyoanzishwa na baraza la makanisa la NCCK mwishoni mwa miaka ya 1960, humpokea kijana bila KCSE. Mamlaka ya NITA huwapima mafundi kwa madaraja matatu, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na hata aliyejifunza kazi kando ya barabara anaweza kujitokeza kupimwa. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ilizinduliwa 2024. Kwa kijana anayejua kwa hakika kwamba anataka gereji wala si kingine, njia hiyo ni halali. Tatizo ni kwamba katika umri wa miaka 16 ni wachache wanaojua kwa hakika.

Darasa lisilo na nyuma

Kwa wanafunzi walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 kuna hatari ambayo ndugu zao wakubwa hawakuwa nayo. Wao ndio waliofanya KCPE ya mwisho, ile ya 2023, na ndio wa mwisho katika 8-4-4. Wanatarajiwa kufanya KCSE 2027. Wanaowafuata wako katika mtaala mpya wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 mwezi Januari 2026.

Hapo awali, aliyeondoka kidato cha tatu, akafanya kibarua mwaka mmoja na kujuta, alirudi shuleni akaungana na darasa lililokuwa nyuma yake. Walimu wakuu walikuwa wakiwapokea vijana wa aina hiyo kila Januari. Kwa kikosi hiki hakuna darasa la nyuma. Anayeondoka kidato cha tatu hatakikuta kidato hicho akirudi.

Njia inayobaki ni ya mtahiniwa wa kibinafsi. Baraza la mitihani la KNEC hudai iwe imepita angalau miaka minne tangu KCPE, kwa hivyo aliyeifanya 2023 hawezi kutangulia wenzake kabla ya 2027. Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia ada, wakati serikali imekuwa ikiwalipia walio shuleni, na hana budi kutafuta kituo kitakachomsajili na maabara atakayofanyia majaribio ya sayansi.

Mzazi naye anapaswa kujua kwamba sheria ya elimu ya msingi ya 2013 humwajibisha mtoto asipohudhuria masomo kabla ya kufika miaka 18. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Deni la karo, ambalo ndilo huwafukuza wengi, halimnyimi mtu cheti baadaye: sheria ya KNEC ya 2012 inakataza shule kuzuia cheti cha mtahiniwa kwa sababu yoyote.

Familia ambayo imekwisha kuamua kijana aondoke ina mambo mawili ya kutimiza kabla hajafunga sanduku. La kwanza ni kuhakikisha kwamba chuo, pamoja na kozi yenyewe, kimeidhinishwa na mamlaka ya TVETA, kwa kuwa bango la barabarani si idhini. La pili ni kwenda kwa mwalimu mkuu kuchukua barua ya kuondoka pamoja na hati ya matokeo ya KCPE, na kuzihifadhi nyumbani mahali pasipovuja mvua, kwa maana ofisi ya KNEC itaulizia matokeo hayo siku ya kujisajili.