Chujio la Dijitali na Mpaka wa Busia: Historia ya Hesabu na Masafa

Makala haya yanajadili swali ambalo watunga sera huwaachia mafundi: je, chujio bora laweza kutenganisha matangazo ya nchi mbili mahali nchi hizo zinapogusana? Katika ukanda wa Busia na Tororo, kipokezi kimoja hunasa mawimbi ya Kenya na ya Uganda. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Mawimbi hayakuhusishwa.

Chujio la dijitali ni hesabu tu. Sampuli za ishara huzidishwa kwa namba teule, ziitwazo vizigeu, kisha hujumlishwa. Kila kuzidisha kunagharimu muda na umeme, hivyo historia ya fani hii ni historia ya ubanifu. Mwaka 1972 Thomas Parks na James McClellan, wakitumia kazi ya mwaka 1934 ya Evgeny Remez wa Kyiv, walionesha namna ya kupata kosa dogo kabisa kwa idadi fulani ya vizigeu. Mwaka 1981 Eugene Hogenauer alieleza chujio lisilozidisha kabisa. Linajumlisha na kutoa tu. Nionavyo, hilo ndilo wazo la kijasiri kuliko yote katika fani hii.

Hata hivyo, kanuni aliyoitoa James Kaiser mwaka 1974 yaonesha kikomo: pengo kati ya masafa yanayopitishwa na yanayozuiwa likipunguzwa nusu, vizigeu huongezeka takribani maradufu. Pengo hilo halipangwi na mbunifu wa kipokezi. Lilipangwa Geneva, mwaka 1984 kwa redio ya FM na mwaka 2006 kwa televisheni ya dijitali.

Vituo viwili vikipewa masafa yaleyale, kimoja kila upande wa Mto Sio, vizigeu elfu moja havitasaidia, kwa kuwa chujio hutambua masafa, halitambui taifa. Antena yenye mwelekeo hupunguza tatizo kidogo. Kinachobaki ni kazi ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya: kupima kwa pamoja nguvu ya mawimbi ng'ambo zote mbili kabla ya kutoa leseni.