Ukaguzi wa breki za ngoma za nyuma

Ukaguzi wa breki za ngoma za nyuma ni kazi ya kufungua na kupima breki za magurudumu ya nyuma ya gari ili kujua kiasi cha uchakavu wake. Breki hizi hupatikana kwenye pikapu nyingi za zamani, kama Toyota Hilux, zinazobeba viazi na mbao kati ya vijiji vya milimani, kama vile kata ya Ipelele wilayani Makete, na miji ya Njombe na Makambako.

Ndani ya ngoma ya chuma kuna viatu viwili vilivyobandikwa lainingi. Mafundi huviita breki shuu. Dereva akikanyaga pedali, silinda ya gurudumu husukuma viatu vigusane na ngoma. Pikapu tupu husimamishwa zaidi na breki za mbele, hivyo ubovu wa nyuma unaweza kujificha mpaka siku gari linaposhuka mlima na mzigo. Ngoma ikipata moto hutanuka, na pedali huzidi kushuka.

Gari huegeshwa pa tambarare, magurudumu ya mbele huwekewa kigingi, kisha breki ya mkono huachiwa. Kabla ya gurudumu kutolewa, gari hukalishwa juu ya stendi. Jeki peke yake si salama. Ngoma iliyoganda hutolewa kwa kukaza bolti mbili kwenye matundu yake yenye hesi, si kwa kuipiga nyundo ovyo. Ikiwa viatu vimekamata ukingo wa ngoma, kirekebishaji hulegezwa kwanza kupitia tundu la bamba la nyuma.

Vumbi halipulizwi kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Lainingi iliyobaki na unene wa milimita 1 au pungufu hubadilishwa, na ile ya ribiti hupimwa kutoka kwenye kichwa cha ribiti. Kipenyo cha juu kinachoruhusiwa mara nyingi huandikwa kwenye ngoma yenyewe. Kingo za mpira wa silinda huinuliwa kidogo: maji mepesi ni ya breki, mafuta mazito yenye harufu ya gia yametoka kwenye sili ya ekseli. Lainingi iliyolowa haioshwi kwa petroli ikarudishwa. Hubadilishwa pande zote mbili, la sivyo gari huvuta upande mmoja.

Jambo linalosahaulika ni vali ya kupimia mzigo, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwenye pikapu nyingi. Mwenye gari akiongeza majani ya springi ili abebe zaidi, sehemu ya nyuma huinuka; vali huona gari halina mzigo na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama viatu ni vipya. Vali hiyo hurekebishwa upya kila springi zinapobadilishwa.