Mkono Usiosubiri: Uamuzi wa Haraka kutoka Amboseli hadi Kericho

Mchumaji wa chai wa Kericho au Bomet hatafakari kila shina. Majani mawili na chipukizi yanaingia kikapuni; jani lililokomaa linaachwa, nayo macho yameshatangulia mbele ya vidole. Mwulize amechaguaje, atakuonyesha kwa mkono upesi kuliko atakavyokueleza.

Wanasayansi walianza zamani kuupima uamuzi wa namna hii. Mwaka 1868, Franciscus Donders wa Utrecht alionyesha kwamba kuchagua kati ya ishara mbili humchukua mtu muda zaidi kuliko kuitikia ishara moja. Mwaka 1983, Benjamin Libet huko California akatangaza kwamba ubongo huanza kujiandaa kuusogeza mkono takriban theluthi ya sekunde kabla mwenyewe hajatambua nia yake. Maana ya matokeo hayo inabishaniwa mpaka leo. Mimi naona kukunja kiganja maabarani, bila sababu wala hasara, hakufiki mbali katika kutueleza habari za mtu aliye kazini.

Jaribio lililo karibu zaidi na maisha lilifanyika hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 1960, Thomas Struhsaker alibaini kwamba tumbili wa Amboseli wana milio tofauti ya tahadhari kwa chui, tai na nyoka. Mwaka 1977 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walificha vipaza sauti na kuwachezea tumbili milio iliyorekodiwa, wakati hakuna adui yeyote karibu. Wakisikia mlio wa chui, walikimbilia mitini. Wa tai, walitazama juu au kujitosa vichakani. Wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia nyasi. Matokeo, waliyoyachapisha pamoja na Peter Marler mwaka 1980, yalionyesha kwamba sauti peke yake yatosha kumwamulia tumbili pa kukimbilia. Wepesi huo nao hukomaa polepole: watoto wa tumbili hupiga mlio wa tai hata jani likidondoka.

Kericho kuna utafiti pia, ila umeelekea kwingine. Kampuni kubwa zilifungua mashamba katikati ya miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, na tangu 1951 kituo cha utafiti kimeshughulikia miche, mbolea na magonjwa. Mchumaji mwenyewe alijulikana kwa mizani. Hata mwaka 2004, watafiti waliotaka kujua jinsi UKIMWI ulivyowapunguzia wafanyakazi nguvu walizitegemea rekodi za kilo za kila siku. Rekodi hizo zilifaa sana kwa swali lao. Lakini kilo haisemi ni mashina mangapi mkono uliyapita kwa makusudi.

Kisha zikaja mashine za kuchuma. Wenye mashamba wanazungumzia gharama, chama cha wafanyakazi kinazungumzia ajira, na Mei 2023 baadhi ya mashine zikateketezwa kwa moto Kericho. Katika ugomvi huo ujuzi wa vidole hutajwa kwa nadra, ilhali ndio unaoondoka. Mashine hukata kwa kimo: kilichofikia wembe kinakwenda, kichanga kwa kikomavu, na kazi ya kutenganisha vijiti na nyuzi inabaki kiwandani, chai ikishakauka.