Maneno ya Hesabu katika Kiswahili na Akili ya Mtoto Mwanafunzi

Mtoto anapoanza shule, aghalabu jambo la kwanza aulizwalo ni kuhesabu. Akitamka moja hadi kumi pasi na kukwama, husemwa kuwa hesabu anaijua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo yana historia ndefu, na kwamba historia hiyo ina uzito wake darasani. Ipo namna ya kuhesabu impayo mtoto kanuni ya kujiundia idadi ambayo hajapata kufundishwa. Na ipo namna imtakayo akariri tu.

Tuanze na kumi la kwanza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya asili ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu. Hata hivyo, maneno yaliyoondolewa hayakutoweka kabisa. Fungate, yaani siku saba za maarusi, imehifadhi neno la kale la saba. Kenda, yaani tisa, limo katika jina la Mijikenda, watu wa miji tisa. Neno la kale la sita, ambalo Wakikuyu bado wanalo katika umbo la ithathatũ, yaelekea lilitokana na kurudiwa kwa tatu. Kadhalika, wanaisimu wengi huliona neno nane kuwa ni nne iliyorudiwa. Lugha zisizo za Kibantu nazo zina mbinu zao. Katika Kijaluo, auchiel (sita) na abiriyo (saba) yanabeba ndani yake achiel (moja) na ariyo (mbili), zilizojengwa juu ya tano. Ni wazi kuwa waliounda maneno haya walikuwa wakijumlisha, si kutaja majina tu.

Tofauti kubwa zaidi imo katika makumi. Mkikuyu husema mĩrongo ĩrĩ kwa ishirini na mĩrongo ĩtatũ kwa thelathini, yaani makumi mawili na makumi matatu. Kiswahili nacho kinalo neno hilohilo, mwongo. Mabaharia wa pwani waliuhesabu mwaka wa jua, tangu siku ya Nairuzi, kwa miongo 36 ya siku kumi kumi pamoja na siku tano za ziada. Na leo tunaita miaka kumi mwongo mmoja. Lakini katika hesabu ya kila siku, biashara ya Bahari ya Hindi, mikataba na mirathi vilikita ishirini, thelathini, arobaini na wenzao hadi tisini, yote ya Kiarabu. Hata edashara na thenashara yalitumika, nayo yamo katika vitabu vya karne ya 19. Ila hayo yalishindwa na kumi na moja na kumi na mbili.

Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anarithi mfumo wenye sura mbili. Kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa njia ni nyeupe: jina lenyewe lamwambia kuwa hapa pana kumi na kitu zaidi. Katika jambo hili amemshinda mwenziwe wa Kiingereza, ambaye hulazimika kukariri majina mapya ya 11 na 12. Lakini akifika ishirini, njia hujifunga, kwani neno hilo halimwonyeshi mbili wala kumi.

Historia ya shule zetu haikulitilia maanani jambo hili. Katika miaka ya 1960 Kenya ilieneza mafunzo ya Kiingereza tangu darasa la kwanza, na wakati uohuo Hesabu Mpya, zilizotayarishwa katika warsha zilizoanzia Entebbe mwaka 1962, zikaleta seti na istilahi zake. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na mwaka 1981 Hesabu Mpya zikaachwa. Mjadala mrefu ulihusu lugha ipi itumike na mtaala upi ufuatwe. Muundo wa maneno ya hesabu yenyewe haukupewa nafasi inayostahili.

Na bado walimu wameupata kwa mlango wa nyuma. Ili kueleza thamani ya nafasi, mwalimu husema kuwa 23 ni makumi mawili na mamoja matatu. Kwa kusema hivyo, amerudi bila kujua kwenye mirongo ya wahenga. Basi mtoto akisema kwa hiari yake “kumi mbili na tatu”, je, tumwambie amekosea? Katika sarufi amekosea, na afundishwe ishirini na tatu. Katika hesabu amegundua kanuni ambayo lugha yake iliificha, na ugunduzi huo ndio ubunifu tunaoutafuta.

Haifai kuyafukuza maneno ya Kiarabu, kwani ni yetu kwa karne nyingi. Linalopasa ni kuviweka viwili hivyo bega kwa bega: mtoto ajue ishirini, na ajue kuwa ni makumi mawili; na yule atokaye nyumbani na mĩrongo yake asiambiwe aiache mlangoni. Anayeambiwa hivyo haachi maneno matupu, bali anaacha hesabu aliyokwisha kuielewa.